Bati la Mbili

Mambo yaliharibika Jumapili, tarehe kumi na saba, saa kumi na moja na dakika arobaini na tatu jioni. Ukiuliza mtaani nani aliyeyaharibu, utaambiwa Mzee Bati. Ukimuuliza Mzee Bati, atakuambia Mwenyekiti. Ila Mzee Bati hata akijikwaa kizingitini kwake husema ni Mwenyekiti, kwa hiyo twende polepole.

Kazi ya Mzee Bati ni ubao wa matokeo. Si hizo taa mnazoziona kwenye televisheni. Ni mbao sita nyeusi zilizopigiliwa juu ya nguzo nne za chuma. Upande mmoja pameandikwa WENYEJI, upande wa pili WAGENI, na chini ya kila neno kuna msumari mnene. Namba zenyewe ni vipande vya bati vilivyopakwa rangi nyeupe, kila kimoja na tundu lake, vinakaa kwenye kikapu. Goli likiingia unatoa bati, unatundika. Kazi ya kitoto, utasema. Basi wewe panda ngazi ya vipago saba, simama juu ya ubao mwembamba usiotosha hata paka kujinyoosha, watu elfu mbili wakupigie kelele kila mmoja na lake, halafu utundike namba sahihi upande sahihi kwa miaka ishirini na miwili. Tuone.

Bati la mbili lilikuwa moja tu. Zamani yalikuwa mawili, kila upande na lake, mpaka Mwenyekiti wa klabu alipoazima moja kufunikia pipa la maji nyumbani kwake. Na kitu kikishaingia nyumbani kwa Mwenyekiti kimehamia. Tangu hapo timu zikitoka mbili kwa mbili, Mzee Bati huandika mbili ya pili kwa chaki kwenye kipande cha boksi, na mvua ikinyesha wageni wanabaki na kitu kinachofanana na bata aliyekanyagwa.

Kazi hii ina sharti moja, na alijiwekea mwenyewe, maana viongozi wa klabu hawajui hata kama kazi ipo. Mpira ukiingia wavuni, usitundike. Watu wakiruka, usitundike. Mfungaji akivua shati na kukimbilia kwa mchumba wake, usitundike. Mtazame refa. Refa akipuliza na kunyoosha mkono katikati ya uwanja, hapo ndipo mkono wako uingie kikapuni. Kwa sharti hilo hakuwahi kukosea hata mara moja, na kwa kulishika sana uso wake ukaganda. Timu ifunge, ifungwe, ipande daraja, ishuke, yeye uso ule ule, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Ndiyo maana wachezaji walimpa jina la Bati. Jina la nyumbani walishalisahau, na huenda hata yeye.

Klabu iliwahi kumleta mtaalamu wa mambo ya akili aje kuwafundisha wachezaji utulivu. Mtu wa miwani na kalamu tatu mfukoni. Alizungumza saa mbili kwenye chumba cha kubadilishia nguo, chumba chenye harufu ya soksi na dawa ya misuli. Akasema ukishinda usivimbe kichwa, ukishindwa usijilaze chini kama mfu. Kisha akawaonyesha dirishani, ambako Mzee Bati alikuwa anaanika mabati yake juani, akasema mwalimu wao yule pale, wamsome. Aliyepiga makofi kuliko wote ni Mwenyekiti. Wiki iliyofuata timu ikafungwa tatu bila, Mwenyekiti akapiga ndoo teke na kung'oa ukucha. Wiki ya pili yake timu ikashinda, Mwenyekiti akabebwa mabegani kwa goli ambalo hakuliona, maana alikuwa anaongea na simu.

Nyumbani, uso ule haukupigiwa makofi.

Mke wake alifariki mwaka uliopita. Aliugua siku nne. Siku ya tatu waliambiwa anayeweza kutia saini ili mgonjwa apelekwe hospitali kubwa ni mganga mkuu, na mganga mkuu yuko mkutanoni. Mkutano ulihusu huduma bora. Mzee Bati hajawahi kusimulia habari hiyo bila kutaja kichwa cha mkutano.

Siku ya mazishi alisimama wima, mikono nyuma. Aliwashukuru waliokuja, akaelekeza gari lirudi kwa njia ipi, akasimamia viti vya kuazima visichanganywe na vya jirani. Hakutoa chozi, hakutoa sauti. Binti yake, mtoto wao pekee, alilia mpaka sauti ikakauka, na kila alipoinua macho alikuta uso ule ule wa uwanjani. Baada ya arobaini alimuuliza kwa nini hakulia. Mzee Bati akamjibu kuwa yeye ndivyo alivyo. Wakifunga hivi, wakifungwa hivi, na mama yake alimjua hivyo na akaishi naye miaka thelathini. Binti alilipokea jibu hilo kwa shingo upande. Halikumpoza, ila lilimpa mahali pa kushika: kumbe baba si kwamba hakumpenda mama, baba ni mtu wa sura moja kwa kila jambo. Basi tangu hapo kila Ijumaa alimletea baba yake chakula kwenye bakuli la mfuniko, akamwamkia, akauliza kama dawa ya presha ipo, akaondoka. Maneno yake yalikuwa yale ya mtu wa dukani kwa mteja asiyenunua sana.

Na hakuwa anaishi mbali. Saluni yake iko nyuma ya ukuta wa uwanja, upande ule ule wa ubao. Vipaza sauti vya uwanjani vikisema, wateja wake wanasikia wakiwa na povu kichwani.

Sasa turudi Jumapili.

Mechi ilikuwa ya mwisho wa msimu. Wenyeji wakishinda wanapanda daraja, wakitoka sare au wakifungwa wanabaki walipo. Kwa heshima ya siku hiyo Mwenyekiti alisimamisha turubai la wageni waalikwa pembeni mwa uwanja, mbele kabisa ya ubao, na turubai likamziba Mzee Bati asimwone mshika kibendera wa upande ule. Alilalamika asubuhi. Katibu wa klabu akamwambia kazi yake ni kutundika, si kuona.

Dakika ya themanini na nane matokeo yalikuwa moja kwa moja. Krosi ikapigwa, mshambuliaji wa wenyeji akaruka na kichwa, mpira ukazama wavuni. Uwanja ukalipuka. Na pale juu ya ngazi, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, mkono wa Mzee Bati ukaingia kikapuni kabla ya mkono wa refa kwenda popote. Bati la mbili likaning'inia chini ya WENYEJI, linang'aa.

Refa hakuelekeza katikati. Mshambuliaji alikuwa ameotea, na kibendera kilikuwa juu nyuma ya turubai. Wachezaji wa wenyeji hawakutazama kibendera wala refa. Walitazama ubao, kwa sababu ubao ule haujawahi kusema uongo. Wakaenda wote kwenye kona kushangilia, na kipa wao akatoka golini mbio kwenda kujirundika nao. Wageni wakaweka mpira chini, wakaanzisha haraka, wakaupeleka taratibu mpaka kwenye goli tupu. Mfungaji wao alisimama kwanza mstarini, akageuka kutazama nyuma kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake, ndipo akausukuma.

Safari hii refa alielekeza katikati.

Na kwa kuwa bati la mbili lilikuwa moja, Mzee Bati alilazimika kulitoa pale WENYEJI, kutembea nalo hatua nne juu ya ule ubao mwembamba, watu elfu mbili wakimtazama, na kulitundika pale WAGENI. Bati lile lile. Ndala ya kwanza ilimpata mgongoni. Ya pili ilimpata begani, na ilikuwa nzuri kuliko zake.

Kamati ilimwita Jumatano, ofisini. Ofisi yenyewe ina meza moja, viti vitano vya plastiki, kimoja kikiwa kimeshonwa kwa waya, kabati la kioo lenye kikombe kisicho na mfuniko, na picha nne ukutani. Tatu ni za Mwenyekiti. Walikuwepo Mwenyekiti, Katibu na kocha, ambaye hakuinua macho tangu mwanzo mpaka mwisho, alikuwa anachuna ngozi ya kidole.

Mzee Bati alianza kabla hajaambiwa akae. Alisema alimwona Mwenyekiti kwa macho yake amesimama turubaini, amenyoosha vidole viwili juu, anampungia yeye. Mkubwa akikuonyesha mbili, unatundika mbili. Kama kuna wa kupigwa ndala, waanzie turubaini.

Mwenyekiti hakukasirika, na hilo lilimtia Mzee Bati wasiwasi. Alicheka kwa upole, akamwita mzee wangu, akamsukumia karatasi. Barua ilikuwa imeshachapwa, imebaki saini. Mzee Bati aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, shule yake iliishia darasa la nne. Ilisema kwamba yeye, mtundika namba, siku ile alizidiwa na furaha kwa mapenzi yake makubwa kwa klabu, akatundika kabla ya wakati, na hakuna kiongozi yeyote aliyemwashiria. Itasomwa Jumamosi kwenye kipaza sauti kabla ya mechi ya kirafiki.

Katibu alimweleza faida zake. Mashabiki wanamchukia kwa sababu wanadhani alizembea. Wakisikia alizidiwa na furaha watamsamehe palepale, maana nani kati yao hajawahi kuzidiwa? Atakuwa mwenzao. Ubao atabaki nao mpaka atakapochoka. Akikataa kutia saini, kuna kijana wa Mwenyekiti, mtoto wa dada yake, amesomea mambo ya namba.

"Furaha si dhambi, mzee wangu," Mwenyekiti alisema. "Hata sisi viongozi tunafurahi."

"Nyinyi mna sababu," Mzee Bati alijibu.

Alikunja karatasi, akaomba mpaka Ijumaa. Walidhani anatafakari kazi. Ukweli ni kwamba alikuwa anatazama ukuta wa uwanja kupitia dirishani, na nyuma ya ukuta ule ni saluni. Jumamosi binti yake atasikia, mikono ikiwa kichwani kwa mteja, kwamba baba yake alizidiwa na furaha. Kwa mpira. Kumbe sura inaweza kufunguka. Kumbe ilikuwa inafunguka siku zote, na siku ya mama yake ikafungwa makusudi. Kile kidogo alichokuwa ameshika kingemponyoka, na bakuli la Ijumaa lingekoma. Kazi angeipata nyingine, hata kufagia. Binti hakuwa na wa pili.

Basi alihitaji shahidi kwamba hapakuwa na furaha yoyote, palikuwa na Mwenyekiti na vidole vyake viwili. Akaenda kwa shemeji yake, kaka wa marehemu, fundi baiskeli, mtu anayeketi chini ya ngazi ya ubao kila mechi na kumchokoza kuanzia dakika ya kwanza.

Alimkuta amepindua baiskeli magurudumu juu, anatafuta tundu la pancha kwenye beseni la maji. Mzee Bati akamweleza yote. Shemeji akamsikiliza huku anazungusha mpira wa ndani, mapovu yanatoka.

"Vidole niliviona," shemeji akasema. "Viwili, juu kabisa, na pete."

"Haya. Ijumaa twende wote ukawaambie."

"Nikawaambie nini? Mwenyekiti alisimama umeshatundika, shemeji. Alikuona wewe, ndiyo akanyoosha vidole. Wewe ndiye uliyemwashiria yeye."

Mzee Bati akamwambia aache utani, huu si wakati. Shemeji akasema kweli hajatania, na angependa sana iwe Mwenyekiti, kwani nani mtaani asiyependa iwe Mwenyekiti. Ila yeye alikuwa chini ya ngazi, na kwanza alisikia sauti, ndipo akainua kichwa akaona bati liko juu.

"Sauti ya nani?"

"Yako."

"Mimi sina sauti uwanjani. Uliza mtu yeyote."

"Ndiyo maana niliinua kichwa."

Walibishana hapo mpaka mwenye baiskeli akaja na kuondoka. Mzee Bati alisema ni kelele za watu, shemeji akasema kelele za watu hazimwiti dada yake. Shemeji akaweka chini mpira wa ndani, akafuta mikono kwenye suruali, akasema kwa sauti ya chini ambayo hakuwa nayo siku nyingine.

"Ulisema, 'Mama watoto, tumewanyoa.' Na ulitazama chini, pale alipokuwa anakaa. Nikageuka na mimi kutazama, mjinga mimi."

Marehemu alikuwa haoni mbali. Miaka yote aliketi chini ya ubao ambako hata namba hakuziona, na kila bati likitundikwa Mzee Bati aliinama na kumnong'oneza matokeo. Hayo shemeji aliyajua. Ambacho hakujua yeyote, na Mzee Bati mwenyewe aliapa hakukumbuka, ni sauti ile ilitoka wapi, kwa mtu aliyekaa msimu mzima akiinama bure na kujikuta ananong'oneza kigogo cha mti kilichowekwa kukalia.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Njiani alijaribu kumlaumu Mwenyekiti, akashindwa, na hilo lilimuuma karibu sawa na lile lingine. Mtu ukishazoea kuwa na wa kumlaumu, siku akikosekana unajiona uchi. Akajaribu kumlaumu mganga mkuu. Huko lawama iliingia kidogo.

Ijumaa binti hakuleta chakula. Mzee Bati alifikiri labda habari imeshafika. Akachukua ile barua, akalaza juu ya meza, akatafuta kalamu chini ya godoro, na kwa mkono mzito wa darasa la nne akakata maneno. Alikata furaha. Akakata mapenzi yake makubwa kwa klabu. Akakata kipande kuhusu kiongozi yeyote, kisha akafikiri, akakirudisha, maana ilikuwa kweli, na kuandika kitu kizuri kuhusu Mwenyekiti kwa hiari yake kulimtoa jasho. Akatia saini. Katibu aliipokea bila kufungua; aliona saini, ikamtosha. Ndivyo wanavyofanya kazi.

Kwa hiyo Jumamosi, watu wamejaa, Katibu alishika kipaza sauti akaanza kwa mbwembwe, kwamba mimi, mtundika namba wa klabu hii, siku ile nilizidiwa. Akasogeza karatasi karibu. Akageuza nyuma kuona kama inaendelea. Akasoma tena kwamba nilizidiwa, nikatundika kabla ya wakati, na hakuna kiongozi aliyeniashiria. Basi. Mtu wa upande wa pili akauliza kwa sauti alizidiwa na nini, na hapo kila mtu akawa na jibu lake. Wengine wakasema usingizi, wengine uzee, kikundi cha karibu na lango kikasema maharage. Vicheko vikatembea uwanja mzima. Ndala hazikurushwa. Mtu ukishacheka naye, huwezi tena kumpiga na ndala.

Mzee Bati alikuwa juu ya ngazi na kikapu chake, uso ule ule. Refa akapuliza, mechi ikaanza.

Dakika ya tano hivi, mlango mdogo wa ukutani ukafunguliwa. Binti akaingia na aproni, kitana mkononi, na nyuma yake mteja mwenye nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama, kalalamika njia nzima, sasa kanyamaza aone. Binti akaja mpaka chini ya ngazi. Mjomba wake akainuka kimya, akahamia mbali kidogo, ila si mbali kiasi cha kutosikia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Shuka."

"Mpira umeanza."

"Baba, shuka."

Alishuka vipago vitatu, akabaki katikati, kikapu begani. Binti akasema mjomba alimpitia jana, akamweleza, na yeye hakuamini, kwa sababu mjomba anaweza kukuuzia baiskeli isiyo na gurudumu. Alisema alikaa jana nzima amekasirika na hakupika. Sasa amesikia karatasi.

"Ni kweli ulimwita?"

"Mjomba wako anatia chumvi."

"Nakuuliza wewe."

Mzee Bati akatazama uwanjani, kisha kitana, kisha yule mteja wa nusu kichwa, ambaye alijifanya anatazama mawingu.

"Nilimwita," akasema.

"Ulisemaje?"

"Nilisema tumewanyoa."

Mdomo wa binti ukacheza upande mmoja, kama wa mama yake alipokuwa anajizuia kucheka mbele za watu. Alitazama kile kigogo chini ya ngazi kwa muda. Nyuma yao uwanja ukapiga kelele, mpira umeingia mahali fulani, refa amepuliza, watu wanamwita Bati, Bati, atundike, na yeye hakuona hata goli ni la upande gani. Mkono wake ulikuwa kikapuni umeshika bati ambalo hakulijua ni la ngapi. Alitaka kupanda. Binti akashika mguu wa ngazi.

"Mama hasikii, umemwita," akasema. "Mimi niko nyuma ya ukuta huu mwaka mzima, nasikia mpaka unavyokohoa. Mimi mbona hujaniita?"